Nilimfokea mwalimu wa binti yangu mbele ya wanafunzi, kumbe hesabu nimekosea mimi

Mwalimu, shikamoo.

Nakuandikia saa tano usiku, duka nimeshafunga na watu wa nyumbani wamelala. Nina jambo linanikaa kooni na sina wa kumwambia hapa mtaani.

Mimi ni baba wa watoto watatu, nauza nafaka hapa Morogoro. Nilimaliza Darasa la Saba mwaka 1989. Hisabati niliongoza darasa zima, lakini nafasi za sekondari zama zile zilikuwa za kuhesabika na jina langu halikutoka. Nilianza na genge la nyanya, nikahamia mchele na maharage, leo nina duka na kirikuu (gari dogo la mizigo) yangu mwenyewe. Mtaani wananiita Kompyuta. Mteja akitaja kilo saba na robo za mchele wa 2,600, nimeshamwambia 18,850 kabla hajatoa simu mfukoni. Sijisifu, nataka tu uelewe ninaanguka kutoka wapi.

Kifungua mimba wangu ni binti, yuko Kidato cha Pili. Akitoka shule anapitia dukani, anakaa nyuma ya kaunta juu ya ndoo iliyopinduliwa, na wateja wakipungua tunafanya hesabu pamoja. Maswali yao yameandikwa Kiingereza, kwa hiyo yeye ananitafsiria, mimi natoa njia. Katika siku nzima hakuna saa ninayoipenda kama hiyo.

Mwezi wa tano alikuja na fumbo hili. Gari lilitoka mji mmoja kwenda mwingine kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, likarudi njia ileile kwa kilometa 40 kwa saa. Tafuta wastani wa mwendo kwa safari nzima. Nikamwambia hilo ni la kufumba macho: 60 na 40 ni 100, gawa kwa mbili, 50. Akaandika. Kesho yake daftari likarudi na wino mwekundu, pembeni mwalimu kaandika 48. Hakuna maelezo yoyote, ni 48 tu.

Mwalimu, nilipandisha. Huyo mwalimu ni kijana mdogo, wa kujitolea. Nikamwachia kijana wangu wa kazi duka nikaenda shuleni, nikamkuta nje ya ofisi ya walimu wakati wa mapumziko. Nilisema maneno mengi. Nilisema watoto wetu wanafundishwa na watu wasiojua hata wastani. Wanafunzi walijaa, binti yangu akiwemo. Yule kijana alitaka kueleza, sikumpa nafasi. Mwisho akasema "sawa mzee", akaingia ndani. Nikarudi dukani kifua mbele.

Mwezi wa saba nikaenda kufuata mchele kijiji kimoja, kilometa 60 toka dukani. Kwenda gari lilikuwa tupu, nikatumia saa moja kamili. Kurudi nimepakia, saa moja na nusu. Nimeshuka nafuta jasho, ndipo namba zikanijia. Kwenda 60, kurudi 40! Lile fumbo nimeliendesha mimi mwenyewe. Kilometa 120 kwa saa mbili na nusu. Nikagawa kichwani nikapata 48. Nikagawa kwenye simu. 48.

Usiku ule nilichukua daftari la binti nikapitia kila swali nililomsaidia. Nikakuta jingine: bei ya sukari ni 3,000, imepanda asilimia 20, kisha imeshuka asilimia 20. Nilimwambia imerudi palepale. Nikaikokotoa hatua kwa hatua: inapanda mpaka 3,600, inashuka mpaka 2,880.

Hilo lingekuwa la darasani tu. Lakini nikakumbuka kijana wangu wa dukani. Tulikubaliana kwamba mwezi ambao mauzo yatafika wastani wa 300,000 kwa siku, nampa 30,000 juu ya mshahara. Mauzo ya siku za kazi tunayaandika daftari moja, ya Jumamosi na Jumapili daftari la pili, kwa sababu siku hizo mke wangu ndiye anayeshika fedha. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nachukua wastani wa daftari la kwanza na wastani wa daftari la pili, najumlisha, nagawa kwa mbili. Kuna mwezi siku za kazi zilikuwa 22, wastani wake 320,000. Za wikiendi 8, wastani 260,000. Nikapata 290,000, nikamwambia hajafika. Akasema, "Bosi, mbona mimi naona kama tumevuka?" Nikamwonyesha hesabu, akanyamaza. Sasa nimejumlisha kila kitu upya na kugawa kwa siku 30. Ni 304,000. Alivuka. Katika miezi 11 tangu tuanze mpango huu, nimeona minne ambayo nilimnyima haki yake. Ni 120,000.

Sasa binti. Siku hizi hamsikilizi kabisa yule mwalimu. Ukimwuliza anasema, "Baba si ulishasema hajui?" Muhula wa kwanza hisabati alipata 60, mtihani wa juzi amepata 45. Ameshuka asilimia 15 na najua ni kwa sababu yangu. Mwisho wa mwaka wana upimaji wa kitaifa.

Nilimgusia mke wangu. Amesema ninyamaze. Anasema baba akianza kuomba radhi kwa watoto, nyumba itashikwa na nani? Kwamba mtoto atasahau, mwalimu atahamishwa, na kijana hana anachojua. Lakini mimi silali. Nikimwambia binti, ataniamini tena? Naogopa ile ndoo nyuma ya kaunta itabaki tupu. Nikimlipa kijana zote kwa mkupuo, si atasema nimekuwa nikimwibia? Na yule mwalimu nitamtazamaje usoni? Nianzie wapi, au niache yalale?

Baba Kompyuta, Morogoro

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Baba Kompyuta. Jina hilo nitaendelea nalo. Ile 18,850 niliikagua kwa kalamu na karatasi, iko sawa, na mimi ilinichukua muda mrefu kuliko wewe.

Nikikusoma, naona watu watatu unaodhani wanakudai, binti, mwalimu na kijana wa dukani, na mke ambaye ana maoni yake kuhusu deni lenyewe. Umeyaandika kama makosa mengi. Mimi naona kosa moja lililojitokeza kila mahali kwa nguo tofauti, na ningependa tulitazame hilo kwanza, maana namna unavyolielewa ndiyo itakayoamua unajisikiaje unapokwenda kuzungumza na yeyote kati yao.

Nilifundisha hisabati sekondari miaka mingi kabla ya kustaafu. Fumbo lako la gari nimelisahihisha mpaka nikalichoka. Wanafunzi wanaoandika 50 mara nyingi si wale dhaifu. Yule dhaifu anaacha nafasi wazi. Anayeandika 50 ni yule mwepesi, anayeona 60 na 40 akashindwa kujizuia. Unaniambia hujui hesabu. Hilo silikubali. Mikono yako inajua kujumlisha na kugawa kuliko ya watu wengi wenye vyeti. Kilichokuponyoka ni swali la kabla ya kujumlisha: najumlisha nini, na nagawa kwa nini?

Lugha yetu nayo inatutega. Kwa Kiswahili cha kila siku, mtu wa wastani si mrefu wala si mfupi, nyumba ya wastani si kubwa wala si ndogo. Masikio yakisikia wastani, macho yanakimbilia katikati. Wastani wa hesabu si lazima ukae katikati. Ni kukusanya chote kilichopatikana na kukigawa sawasawa kwa vyote vilivyokipata. Safari yako ilikufundisha hilo vizuri kuliko ubao wowote: mwendo wa 60 ulikaa nao saa moja, wa 40 ukakaa nao saa moja na nusu. Ule wa polepole umekula muda zaidi, basi una haki ya kuuvuta wastani upande wake. Ndiyo maana 48, na si 50.

Binti anaweza kukubana hapa. Kwenye swali hawakutaja umbali, wewe ulikuwa na kilometa zako 60. Hapo ndipo aljebra inapoingia, na wala si mzigo. Umbali uite x. Kwenda ni x gawanya kwa 60, kurudi ni x gawanya kwa 40. Ukizileta kwenye asili (namba ya chini ya sehemu) ya 120 unapata 2x na 3x, jumla 5x juu ya 120, yaani x juu ya 24. Hizo ndizo saa zote. Umbali wote ni 2x. Gawa 2x kwa x juu ya 24, x inajifuta yenyewe, inabaki 48. Iwe kilometa 60 au 600, jibu halibadiliki. Mimi hupenda sana pale x inapoondoka bila kuaga.

Na kama herufi hiyo inakukera, jua kwamba aliyeipa elimu hii jina hakuitumia. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad mnamo mwaka 820 hivi, alitatua maswali yote kwa maneno matupu, na sehemu kubwa ya kitabu chake ilikuwa mirathi na biashara. Kile asichokijua alikiita kwa Kiarabu "kitu", basi. Wewe mfanyabiashara uko nyumbani kwako kabisa. Kwa mfano: mchele umepanda asilimia 25, sasa ni 3,500. Ulikuwa bei gani? Mwenye haraka atatoa robo ya 3,500 na kupata 2,625. Sema kama yule mzee: kitu pamoja na robo yake ni 3,500. Kumbe 3,500 ni robo tano za kitu, robo moja ni 700, na kitu ni 2,800.

Hiyo inatupeleka kwenye sukari. Darasani nilikuwa na mchezo wa maneno, wanaisimu watanisamehe: ndani ya neno asilimia nasikia "asili" na "mia". Nikawa nawaambia watoto, kabla hamjashika mia, nitafutieni asili. Asilimia 20 ya nini? Sukari ilipanda asilimia 20 ya 3,000, ikashuka asilimia 20 ya 3,600. Asili imebadilika njiani, ndiyo maana kushuka kulikuwa kukubwa kuliko kupanda.

Basi turudi kwa binti, maana hapo pia asili imekuponyoka kidogo. Kutoka 60 hadi 45 si kushuka asilimia 15. Ni alama 15, na hizo ni robo ya alama alizokuwa nazo, yaani asilimia 25. Na ili apande kutoka 45 arudi 60 anahitaji kuongeza theluthi ya alicho nacho sasa. Usimwambie kwa namna hiyo, utamtisha bure. Kwa madaraja yanayotumika sasa 60 na 45 zote ni C, ingawa ile ya pili imesimama ukingoni kabisa.

Lakini umeandika "najua ni kwa sababu yangu". Unajua, au unaogopa? Mitihani miwili ni michache mno kuhukumia mtu. Kidato cha Pili hisabati inapanda kilima, lugha ni ya kigeni, na fumbo la hesabu ni insha kwanza kabla ya kuwa hesabu. Mtoto anayekosa neno moja katika swali anakosa swali zima hata kama anajua kugawa. Huenda kudharau somo la yule mwalimu kumechangia. Sitakufariji kwa kusema hakukuchangia. Ila usiubebe mzigo wote mpaka umejua uzito wake.

Kuna jambo jingine limenikaa kichwani tangu niisome barua yako. Ile 48 imo katika daftari lake tangu mwezi wa tano. Ana wenzake darasani waliopata vema. Una hakika gani kwamba hajui? Watoto wa umri ule huwa wanajua mambo mengi ya baba zao na kuyafunika. Yawezekana ile "Baba si ulishasema hajui?" ni kukutetea. Umefika shuleni, umesema mbele ya watu, yeye abakie wapi? Akimsikiliza mwalimu, amekuvua nguo. Akikusikiliza wewe, anakosa somo. Sisemi ndivyo ilivyo. Nauliza tu: tangu mwezi wa tano, mafumbo anayokuletea pale kaunta yameongezeka au yamepungua? Wewe ndiye unayejua.

Ukichagua kumwambia, ziko namna nyingi. Unaweza kumkalisha na kusema moja kwa moja. Ni safi, lakini baba wa aina yako akikaa rasmi na mtoto, mtoto anadhani kuna msiba. Unaweza kumchukua siku moja kwenye kirikuu, ukampa daftari aandike saa za kutoka na kufika, ukamwacha azigawe mwenyewe. Hatari yake ni kwamba somo linaweza kuwa tamu mpaka ukasahau kusema lile neno gumu, kwamba ulimkosea mwalimu. Kumfundisha 48 ni jambo moja. Kusema "siku ile shuleni sikufanya vizuri" ni jingine, na la kwanza linaweza kukusaidia kulikwepa la pili. Mimi nimelifanya hilo. Niliwahi kumwadhibu mwanafunzi kwa jibu lililokuwa sahihi, nikaligundua usiku, kesho yake nikafundisha njia yake ubaoni kwa mbwembwe bila kutaja jina lake. Alikaa kimya kipindi kizima. Bado naukumbuka ukimya ule.

Ukichagua kunyamaza, mama watoto hajakosea kila kitu, nami nisingependa umfanye adui katika jambo hili. Anachoogopa kina msingi: mzazi anayejikosoa kila siku mbele ya watoto anawachosha. Lakini mwulize anamaanisha nini hasa anaposema nyumba itashikwa na nani. Labda anaona aibu yako ni yake pia, maana siku za wikiendi ndiye mwenye daftari la pili. Kunyamaza kuna gharama yake. Binti ataingia kwenye upimaji akiamini 50, au akijua 48 na kujifanya hajui. Na wewe hutalala. Hiyo umeshaniambia.

Kuhusu mwalimu. Yeye naye hakutenda haki kamili. Kuandika 48 bila maelezo ni kumpa mtoto mlango bila ufunguo, na wewe ulipokuja na hasira, hasira yenyewe ilikuwa na chembe ya sababu. Naona hilo linaweza kukusaidia kwenda, na pia linaweza kukuharibia. Ukienda ukaanza na "lakini na wewe", umerudi kulekule. Ukienda peke yako, mtazungumza kama watu wazima na yeye atapata nafasi ya kupumua, ila wanafunzi waliosikia matusi hawatasikia radhi. Ukienda wakati wa mapumziko, palepale nje ya ofisi, watasikia, lakini utamweka kijana wa watu jukwaani mara ya pili bila kumwomba ruhusa. Kuna anayependa kuombwa radhi hadharani na kuna anayetamani ardhi ipasuke. Ujumbe mfupi kupitia mwalimu wa darasa, kumwuliza angependa mkutane wapi, hauna ushujaa mwingi lakini unamwachia yeye kuchagua.

Sasa kijana wa dukani, na hapa nitakuwa mkavu kidogo kwa sababu hapa kuna fedha. Hesabu yake ni gari lilelile. Siku 22 na siku 8 hazina uzito sawa, kama vile saa moja na saa moja na nusu hazina uzito sawa. Ulipogawa kwa mbili, Jumamosi moja ulikuwa unaihesabu kama siku karibu tatu za kazi. Alipokwambia anaona kama mmevuka, alikuwa na mauzo yote mwilini, yeye ndiye aliyekuwa akipima na kubeba. Hakuwa na maneno ya kukushinda. Unaogopa atasema umekuwa ukimwibia. Huenda akasema hivyo moyoni. Huenda pia amekuwa akisema hivyo tangu siku uliyomwonyesha ile 290,000. Ukimpa 120,000 bila maelezo, atapata fedha na kubaki na mashaka. Ukimpa maelezo bila fedha, ni dharau. Ukimlipa kidogokidogo kwa miezi minne, duka halitatikisika, lakini kila mwezi mtakumbushana. Nani asikie, binti akiwepo au asiwepo, hilo nalo ni lako. Akiwepo atajua kwamba hisabati ya daftari lake na ya duka lako ni moja. Atajua pia kitu kuhusu baba yake ambacho huenda ungependa kumwambia faraghani kwanza.

Unauliza uanzie wapi. Ukianza na kijana, unaanza na mahali palipo na kipimo: kuna kiasi, kuna miezi. Ukianza na binti, unaanza palipo na mapenzi, na huenda mengine yakafuata yenyewe, au yakakwama kwa sababu nguvu zimeisha. Ukianza na mwalimu, unaanza na lililo gumu na mengine yataonekana mepesi, ila ukiteleza hapo utarudi nyumbani huna hamu ya kuendelea. Nimeyageuza usiku kucha na sioni mpangilio mmoja ulio bora kwa kila baba. Na ile ndoo, mtoto haji kukaa juu yake kwa sababu hujawahi kukosea. Sidhani. Anakuja kwa sababu wateja wakipungua unamgeukia.

Jambo moja kabla hujampa kijana chochote. Umesema umeona miezi minne. Je, ile saba mingine umeipitia kwa njia mpya, au umepitia tu ile uliyomnyima? Njia yako ya zamani haikuwa na upendeleo. Mwezi ambao wikiendi ziliuza sana kuliko siku za kazi, ilipandisha wastani kuliko ukweli, na huenda kuna mwezi ulimpa 30,000 ambazo hakuzifikia. Ukikuta hivyo utafanyaje? Kumkata litakuwa jambo la ajabu, maana hesabu ilikuwa yako. Kunyamaza juu ya huo na kusema juu ya ile minne, sawa, lakini ujue kwamba umechagua hivyo.

Ukiyafungua madaftari, andika kwanza idadi ya siku pembeni ya kila jumla, kabla hujagusa simu wala kikokotoo (neno ambalo sisi wastaafu tukilisikia tunashtuka, maana ndilo jina la kanuni ya kukokotoa mafao yetu). Na uwe makini ukifika mwezi wa pili, kama mwaka haukuwa mrefu una siku 28, na siku zake za wikiendi ni nane kamili.